Vimeng'enya vyenye Kazi Mbili (Sehemu ya 2): Jani la Maharagwe la Kibati

Juma lililopita tulieleza kuwa kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kuisha. Leo twende Kibati, kaskazini mwa Goma, penye udongo mweusi wa volkano ya Nyiragongo.

Chuma jani la maharagwe. Hadi nusu ya protini zake zinazoyeyuka majini ni kimeng'enya kimoja, Rubisco. Hata sahani ya sombe, yaani majani ya muhogo, imejaa kimeng'enya hiki. Kazi yake ya kwanza ni kunasa hewa ya ukaa na kuiunga na sukari yenye kaboni 5. Hapo hupatikana molekuli mbili zenye kaboni 3, na humo ndimo wanga wetu unamoanzia.

Lakini mahali palepale panaponasa hewa ya ukaa hunasa pia oksijeni. Mwaka 1971 George Bowes na William Ogren, huko Illinois, Marekani, waliionyesha kazi hii ya pili. Ikishikwa oksijeni, hutoka molekuli moja ya kaboni 3 na nyingine ya kaboni 2 isiyofaa, ambayo mmea huirekebisha kwa gharama ya nishati na kaboni. Kwenye nyuzijoto 25 hivi, mara moja katika kila nne hupotea hivyo. Joto likizidi, hasara huongezeka. Mshika mbili moja humponyoka.

Tusikilaumu. Rubisco ilitokea zamani sana, wakati hewani hapakuwa na oksijeni ya kutosha kuisumbua.

Mahindi yaliyo kando ya maharagwe yana dawa. Kimeng'enya kingine, kisichoshika oksijeni, hukusanya kaboni na kuipeleka katika seli zinazozunguka mishipa ya jani. Humo Rubisco huzungukwa na hewa ya ukaa tele, na oksijeni hukosa nafasi. Wanasayansi Hatch na Slack waliieleza njia hii mwaka 1966.

Hewa ya ukaa hiyohiyo, ikitoka ardhini na kutuama mabondeni, wenyeji wa Goma huiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mbuzi akishuka humo, hafufuki. Inayoua bondeni ndiyo inayolisha jani kilimani. Tusiulize molekuli ni njema au mbaya. Tuulize iko wapi, kwa wingi gani, na imekutana na nani.

Juma lijalo: kimeng'enya cha ini, ambacho upande mmoja huunda molekuli na upande wa pili huivunja.