Ushahidi wa Panya Aliyelala

Mama wa huku Giheke, wilayani Rusizi nchini Rwanda, anaposhikwa na uchungu na mtoto akakwama, mkunga wa kituo cha afya hana budi kumpeleka kwa gari la wagonjwa mpaka hospitali ya wilaya, kwa kuwa upasuaji haufanywi kituoni. Na njiani, gari likipinda na kupanda vilima hivi vya Rusizi, wanaomsindikiza humwombea Mola amvushe salama katika kisu, wala si wengi wanaokumbuka kumwombea pia katika kulazwa usingizi kwa dawa. Wanyarwanda husema ikinya, neno lile lile la mguu uliokufa ganzi kwa kukaliwa. Wazee wa pwani walisema nusukaputi. Na kwa wepesi wa majina hayo twadhani kuwa jambo lenyewe ni usingizi tu, ilhali kila dawa ya namna hiyo, inapoufunga ufahamu, hutia mkono pia katika moyo na mishipa.

Elimu hii ilinunuliwa kwa thamani kubwa. Tarehe 28 Januari 1848, huko Uingereza, binti wa miaka 15, Hannah Greener, alivutishwa klorofomu ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu, akafa katika muda wa dakika chache. Matabibu wakabishana miaka na miaka: ni moyo usimamao kwanza, au ni pumzi? Nizamu, mtawala wa Hyderabad katika Bara Hindi, akagharimia tume mbili, mwaka 1888 na 1889, nazo baada ya kuijaribu dawa ile kwa wanyama wengi zikahukumu kwamba pumzi ndiyo itanguliayo kukatika, basi tabibu na aangalie kifua, asishughulike na mapigo ya mshipa. Hukumu ile ilikuwa na dosari, na dosari yake haikubainika sawasawa mpaka mwaka 1911, tabibu Goodman Levy alipoonyesha kwa paka kwamba klorofomu hafifu, ikikutana na adrenalini, huweza kuuvuruga moyo hata ukawa unatetemeka badala ya kupiga.

Siku hizi shahidi aitwaye mara nyingi katika maabara ni panya. Moyo wake hupiga kadiri ya mara 300 hata 400 kwa dakika, na damu yote ya panya wa gramu 300 haizidi sana vijiko vinne vya chai; lakini msukumo wa damu katika mishipa yake mikubwa wakaribiana na wetu, na kwa hiyo maneno yake yana uzito. Avutishwapo halotheni, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1956, nyama yenyewe ya moyo hulegea. Avutishwapo isofulureni, ni mishipa ilegeayo zaidi, msukumo ukashuka ilhali mapigo hayapungui sana. Achomwapo pentobabitali, ile hadhari ya mwili ya kuharakisha moyo kila msukumo unaposhuka hupumbaa. Na achomwapo ketamini iliyochanganywa na zailazini, mapigo hupungua mno. Hata baridi ina neno lake, maana kiwiliwili kidogo hupoteza joto upesi, na mtafiti aliyesahau kumpasha panya joto huweza kuisingizia dawa kosa la hewa.

Basi mwenye kutaka kujua dawa mpya yautendaje moyo, akamlaza panya kwanza ndipo ampime, amepokea ushahidi wa aliyekwisha kuleweshwa. Kwa sababu hiyo watafiti wenye kujali hupandikiza ndani ya mwili wa panya chombo kidogo cha kupeleka habari kwa mawimbi ya redio, wakangoja jeraha lipone, wakampima akiwa macho anatembea. Mimi naona hili ni deni: kuichukua roho ya kiumbe kisha kupata kwayo hesabu isiyosema kweli ni dhuluma juu ya dhuluma.

Ketamini peke yake ina kisa cha ajabu zaidi. Iliundwa na Calvin Stevens huko Marekani mwaka 1962, ikajaribiwa kwa watu mwaka 1964, na tangu mwaka 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa kuwa aghalabu haimnyimi mgonjwa pumzi wala haihitaji mashine ya kuvutisha hewa. Katika mwili mzima huongeza mapigo na kupandisha msukumo. Lakini moyo wa panya ukitolewa kifuani, ukaendeshwa kwa maji yenye chumvi na sukari mbali na mishipa yote ya fahamu, dawa ile ile ikizidi huudhoofisha. Maana yake ni kwamba nguvu ile hukopwa katika akiba ya mwili, kwa kuamsha mishipa ya fahamu iuhimizayo moyo.

Na akiba huisha. Mama aliyetokwa na damu nyingi huishi kwa sababu mishipa yake imejikaza. Sindano ya ganzi ya mgongoni, inayowafaa wazazi wengi, huilegeza mishipa ya sehemu ya chini ya mwili, na kwa mama huyu kulegea huko ni hatari kubwa. Hapo ketamini huchaguliwa, tena kwa kipimo kilichopunguzwa, maana hata yenyewe, ikimkuta aliyekwisha kabisa, huacha kupandisha ikaanza kushusha. Ndiyo sababu mtaalamu wa usingizi, gari kutoka Giheke linapofika, kabla hajakata shingo ya kichupa cha dawa humuuliza mkunga aliyemsindikiza mama: damu imetoka kiasi gani, na tangu saa ngapi?