Kufungua simu kwa kidole: ni uvumbuzi au ni jambo la dhahiri?

Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Asiyekijua hukuna kichwa, hutaja hiki na kile, mwisho hushindwa akatoa mji. Akishaambiwa kuwa jibu ni yai, papo hapo husema, "Aa, hicho nacho ni kitendawili? Hata mtoto angekitegua!"

Hoja hiyo ya "hata mtoto angeweza" ndiyo iliyopiganiwa kwa miaka mingi na mawakili wa kampuni kubwa za simu mbele ya majaji wa Uingereza, Ujerumani na Marekani. Nyuma yake palikuwa na mamilioni ya dola na maswali mawili. Je, mtu anaweza kumiliki namna ya kutelezesha kidole juu ya kioo cha simu? Na nani awezaye kusema kwa haki kwamba jambo lilikuwa la dhahiri, hali sote tumeshaambiwa jibu?

Nimewasikia watu barzani na kwenye makundi ya WhatsApp wakilibishania suala hili kwa hamaki. Wengine husema Apple iliibiwa mchana kweupe, wengine husema Apple ilitaka kutuuzia hewa. Kila upande una lake la maana. Lakini kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani.

Hataza ni nini?

Hataza, au patenti kama wengi wanavyoiita, ni mapatano kati ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi hueleza kwa maandishi, waziwazi, jinsi kitu chake kinavyofanya kazi. Umma nao, kupitia serikali, humpa haki ya kuwazuia wengine wasikitumie bila idhini yake kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi. Muda ukiisha, kitu hicho huwa cha wote.

Ili mtu apewe haki hiyo, kitu chake sharti kiwe kipya, kiwe kinatumika katika kazi, na kisiwe cha dhahiri kwa fundi wa kazi hiyo. Masharti hayo matatu yamo pia katika sheria yetu ya Kenya ya mali ya viwanda ya mwaka 2001, inayosimamiwa na taasisi ya KIPI.

Tusichanganye hataza na hakimiliki. Hakimiliki hulinda maandishi yenyewe ya programu, kama inavyolinda kitabu. Ukiandika programu yako mstari kwa mstari bila kunakili, hakimiliki haikugusi. Hataza ni kali zaidi kwa sababu hulinda njia ya kufanya jambo. Kijana anaweza kujifungia chumbani kwake Kisauni, asione programu ya mtu, akaandika yake kwa jasho lake, kisha akaambiwa kuwa ameingia shamba la mwenyewe katika nchi ambako njia ile imesajiliwa. Kwa hivyo ni muhimu kujua mpaka wa shamba hilo uko wapi, na mpaka wenyewe hutegemea sana neno moja: dhahiri.

Fundi asiyekuwapo

Historia ya neno hili katika sheria ya Marekani ilianzia mlangoni. Mwaka 1851 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisikiliza kesi ya Hotchkiss dhidi ya Greenwood, iliyohusu vishikio vya milango. Watu walikuwa wakitengeneza vishikio vya mbao na vya chuma, na wenye hataza wakatengeneza vya udongo wa kufinyanga. Mahakama ikasema kuwa kubadilisha mali ghafi peke yake ni kazi ya fundi hodari, si ya mvumbuzi. Nadhani mafundi wetu wa milango ya Lamu wangelielewa hilo bila wakili. Ukiuchonga mlango ule ule kwa mvule badala ya msaji, umefanya kazi nzuri, lakini hujabuni mlango.

Mwaka 1952 bunge la Marekani liliandika kanuni hiyo katika sheria. Swali likawa: je, jambo hili lingekuwa la dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika kazi hiyo, wakati ule lilipobuniwa? Mtu huyo hayupo duniani, ni wa kuwaziwa tu. Si mjinga wala si bingwa. Anahesabiwa kuwa amesoma kila kilichochapishwa katika fani yake na ameona kila kilichowahi kuuzwa, ila kipaji chake ni cha wastani.

Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ilieleza namna ya kupima. Angalia kilichokuwapo kabla, angalia tofauti iliyoongezwa, na angalia kiwango cha fundi wa kawaida. Ishara za nje nazo zinaweza kutazamwa: biashara imeshamiri? Watu walikihitaji kitu hicho kwa muda mrefu? Wengine walijaribu wakashindwa? Halafu mwaka 2007, katika kesi ya kanyagio la gari, mahakama hiyo ikaongeza kwamba fundi wa kawaida naye ana akili zake. Si mashine. Akiona vitu viwili vinavyojulikana, anaweza kuviunganisha mwenyewe.

Simu ya Uswidi na kioo cha ukutani

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Simu isiyo na vibonye ina tatizo lake: ukiitia mfukoni bila kuifunga, hujigusa na kujipigia. Desemba 2005 Apple ilipeleka ombi la hataza kuhusu njia ya kulitatua. Kwenye kioo pana picha ndogo mahali maalumu. Unaigusa, unaiburuta, nayo inakifuata kidole mpaka mwisho wa njia yake, na hapo simu inafunguka. Januari 2007 Steve Jobs alipoionyesha iPhone kwa mara ya kwanza mjini San Francisco na kuifungua kwa njia hiyo, ukumbi ulishangilia.

Lakini kabla ya ombi hilo kampuni ya Uswidi iitwayo Neonode ilikuwa na simu yake ndogo, N1, ambayo haikuenea sana duniani. Mwongozo wake ulimwelekeza mwenye simu apitishe kidole kuelekea kulia ili kuifungua. Kitu kilichokosekana ni kimoja: picha inayotembea pamoja na kidole.

Picha ya namna hiyo nayo haikuwa ngeni. Mwaka 1992 mtafiti Catherine Plaisant wa Chuo Kikuu cha Maryland alishaandika kuhusu swichi za kwenye vioo vya kugusa vya kuwekwa ukutani, zikiwemo za kutelezesha. Hoja ya wapinzani wa Apple ikawa fupi: chukua mwendo wa kidole wa Neonode, chukua picha ya Plaisant, unganisha. Kuna uvumbuzi gani hapo? Na kwani komeo la mlango si husukumwa vivyo hivyo tangu enzi za mababu?

Ushahidi mmoja, majibu mawili

London, Julai 2012, katika kesi kati ya HTC ya Taiwan na Apple, jaji Floyd alisema kuwa, kwa kuwa simu ya Neonode ilishakuwapo, njia ile ilikuwa ya dhahiri. Ujerumani, mahakama ya hataza iliifuta mwaka 2013, na Agosti 2015 mahakama ya juu kabisa ya kesi za madai, iliyoko Karlsruhe, ikaunga mkono.

Marekani mambo yalikwenda kombo, kisha yakarudi, kisha yakageuka tena. Mei 2014 juri, yaani jopo la raia wa kawaida, liliamua California kuwa Samsung iilipe Apple dola milioni 119.6 kwa hataza tatu. Sehemu ya kutelezesha kidole ilikuwa ndogo, karibu dola milioni 3. Fedha nyingi zilitokana na hataza nyingine, ile ya kuigusa namba iliyo ndani ya ujumbe na simu ikaipiga moja kwa moja. Ya tatu ilihusu simu kukusahihishia maneno unapoandika.

Februari 2016 majaji watatu wa mahakama ya rufaa ya hataza waliipindua hukumu. Walisema kuwa kutelezesha na kusahihisha maneno ni mambo ya dhahiri, na kwamba ile hataza ya namba Samsung haikuivunja. Oktoba mwaka huo huo mahakama hiyo hiyo ilikaa kwa wingi wake, na kwa kura 8 dhidi ya 3 ikairudisha hukumu ya juri. Novemba 2017 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa ya Samsung, na mambo yakaishia hapo.

La kuchekesha ni kwamba Septemba 2016, wiki chache tu kabla ya uamuzi ule wa Oktoba, Apple yenyewe ilikuwa imeshaiondoa njia ya kutelezesha katika iOS 10, na watu wakawa wanabonyeza kitufe kufungua simu.

Kwa nini walitofautiana?

Sidhani kwamba majaji wa upande mmoja walikuwa werevu kuliko wa upande mwingine. Naona sababu tatu.

Kwanza, nani anaamua. Uingereza na Ujerumani jambo hili huamuliwa na majaji. Marekani juri ndilo lililopima ushahidi, na majaji wa upande wa wengi walisema kuwa wenzao watatu walikosea kuupima upya na hata kutafuta maelezo nje ya yaliyoletwa mahakamani.

Pili, mzigo wa kuthibitisha. Marekani hataza ikishatolewa huhesabiwa kuwa ni halali, na anayeipinga katika kesi ya mahakamani sharti alete ushahidi ulio wazi na wenye nguvu. Mahakama ya Juu ilisisitiza hivyo mwaka 2011 katika kesi iliyoihusu Microsoft.

Tatu, uzito wa zile ishara za nje. Majaji wa upande wa wengi waliona kuwa Plaisant alizungumzia vioo vya ukutani, si simu ya mfukoni, na kwamba yeye mwenyewe aliandika kuwa watumiaji walipenda zaidi vitufe vya kubonyeza kuliko vya kutelezesha. Kwa nini basi fundi wa kawaida akimbilie kutelezesha? Waliutaja pia ule ushangiliaji wa mwaka 2007. Jaji Dyk, mmoja wa watatu waliopinga, alilalamika kuwa ishara hizo zimepewa uzito kupita kiasi.

Mimi naona hivi

Onyo la kitendawili ni la kweli. Jibu likishatajwa, kila mtu huliona rahisi, na jaji naye ni binadamu. Kwa hivyo nawaelewa wanaosema kuwa tusiwadharau wavumbuzi kwa sababu tu kazi yao imeonekana nyepesi baadaye. Mara nyingi wepesi huo ndio matokeo ya jasho.

Lakini katika kesi hii kitendawili kilikuwa kimeshateguliwa robo tatu na wengine. Simu ya mfukoni iliyofunguliwa kwa mwendo wa kidole ilikuwapo, na mwongozo wake umechapishwa. Kilichobaki ni kumwonyesha mtu kwa picha kwamba kidole chake kinafanya kazi. Ni jambo zuri, na linampendeza mtumiaji. Hata hivyo, naona fundi wa kawaida wa programu mwaka 2005 angelifikia bila kukesha. Makofi ya ukumbini yanathibitisha kuwa kitu kimependwa. Hayathibitishi kuwa hakuna mwingine ambaye angekifanya. Kilichopendwa kinaweza kulipwa sokoni, na Apple ililipwa sana. Hataza ni zawadi ya kitu kingine, nayo ina gharama kwa wote waliobaki nje.

Kwa vijana wetu wanaoandika programu Mombasa, Malindi au Kwale, naliona funzo katika ile simu ndogo ya Uswidi. Haikushinda sokoni, lakini mwongozo wake ulisimama shahidi mbele ya majaji wa nchi kadhaa. Kazi iliyochapishwa, hata na mtu asiye na jina, huingia katika hazina ya yaliyokwishajulikana, na aliyekuja nyuma hawezi kuisajili kama yake. Kwa hivyo kama hutaki kusajili kazi yako bali wataka ibaki huru kwa wote, ichapishe, uweke tarehe, ueleze inavyofanya kazi. Na kama wataka kuisajili, peleka ombi kwanza kabla hujamwonyesha mtu, kwa sababu uliyoyatangaza wewe mwenyewe yanaweza kukuponza.