Fahamu: Waliopoteza makazi kwa mafuriko Kilosa

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo na tuta linaloukinga mji wa Kilosa, mkoani Morogoro. Maelfu ya watu walibaki bila makazi, na Reli ya Kati ikakatika.

Hifadhi ya kwanza ilitoka kwa ndugu na majirani. Wengine walikwenda katika majengo ya umma, kisha kambini, ambako Msalaba Mwekundu ulishiriki kutoa misaada. Hema, hata hivyo, ni suluhisho la muda tu: turubai huchakaa, vyoo hujaa, na mkulima huwa mbali na shamba lake.

Kazi ngumu zaidi ni kupata viwanja vya kuwahamishia waathirika. Bonde lenye rutuba ndilo lenye hatari, hivyo aliyehamishiwa mwinuko hurudi kulima, pengine hata kulala, mtoni. Kusini mwa Wilaya ya Kilosa, upande wa Mikumi, ardhi imebanwa pia na mipaka ya hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kuhusu kushughulikia maafa kama haya, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Tanzania ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji.