Kaa wa Siyu anahitaji cheti

Maji yakipwa, mvuvi wa kaa wa Siyu huingia mikokoni na kijiti chenye ndoana, akamtoa kaa mmoja mmoja kwenye shimo lake la matope. Wenyeji wengi hawamli. Ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambayo wanazuoni wake wengi hawaruhusu kula kaa, na kwao kaa ni bidhaa. Hufungwa magando akiwa hai, hupimwa kwa kilo, kisha huanza safari ya kutoka Siyu, kisiwani Pate, kwenda Lamu, Malindi, Mombasa, na pengine Asia. Akifa njiani hana bei.

Mlaji wa mbali ana haki ya kuuliza kilichomo ndani ya nyama anayoinunua. Kaa hukusanya metali nzito, hasa kadmiamu, kwenye ile sehemu laini ya kahawia iliyo chini ya gamba. Chaza wanahitaji uangalifu zaidi: huishi kwa kuchuja maji, na risasi au sumu ya mwani inayopita humo hubaki mwilini mwao. Kuchemsha hakuziondoi, wala ulimi hauzitambui. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unaruhusu kadmiamu isiyozidi miligramu 0.5 kwa kilo ya nyama ya kaa, na miligramu 1 kwa chaza. Dalali mwenye mizani hawezi kuona kiwango hicho, hata awe mzoefu vipi.

Siyu iko mbali na viwanda, na kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Huo ni utajiri, lakini sokoni haulipwi chochote mpaka upimwe. Wavuvi wa Ziwa Victoria walilijua hili kwa uchungu mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa sababu ya baadhi yao kuvua kwa sumu ya kuulia wadudu. Wasio na hatia walipata hasara ileile, na Kenya haikurudi katika soko hilo hadi mwishoni mwa 2000.

Lamu nayo inabadilika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe, ambao ungeleta hofu ya zebaki, ulifutiwa leseni mwaka 2019. Meli zikiongezeka na matope ya chini yakichimbuliwa, mvuvi asiye na vipimo vya awali atathibitishaje kwamba bahari yake imeharibiwa, au kwamba iko salama?

Naona kazi hii ianze sasa. Kaa, chaza na matope ya Siyu vichukuliwe sampuli mahali palepale, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Sumu ya mwani ipimwe mara nyingi zaidi, maana huweza kupanda na kushuka ndani ya wiki chache. Matokeo yabandikwe kwa Kiswahili pale pale kaa wanapouzwa. Gharama zilipwe na serikali ya kaunti na wanaonufaika na bandari. Zisikatwe kwenye bei ya kilo anayolipwa mvuvi.