Mwenye nyumba, mpangaji na kufuli la mlangoni



Ndugu Waislamu, katika miji ya ukanda wetu wa dhahabu, kuanzia Kahama na Kakola hadi Katoro, Nyarugusu na Geita mjini, ziko familia nyingi ambazo chakula chao hutoka katika kodi ya vyumba vitatu au vinne. Huyu ni mjane aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe. Yule ni mwalimu mstaafu aliyekitia kiinua mgongo chake chote katika matofali ya kuchoma. Hawa si matajiri. Na wapangaji wao nao ni wachimbaji wadogo, wapiga karasha, mama lishe na waendesha bodaboda, watu ambao mfuko wao hujaa au hukauka kwa kadiri duara lilivyotoa. Wanyonge wawili wanapokutana katika ua mmoja, ugomvi hauko mbali. Masuala ya nyumba za kupanga tunayoletewa baada ya Swala ya Ijumaa sasa hayako nyuma sana ya yale ya talaka.

Yatupasa kwanza kufahamu kodi ni malipo ya nini. Wanazuoni wa fiqhi wameiweka ijara karibu kabisa na mauzo, na kinachouzwa ndani yake ni manfaa ya kitu kwa muda unaojulikana. Ukuta na paa vinabaki kuwa mali ya mwenyewe, lakini aliyepokea kodi ya miezi sita amekwisha kuiuza miezi sita ya chumba kile. Hana tena ruhusa ya kuingia apendavyo, hata kama ufunguo wa akiba anao mfukoni. Makatazo ya kuingia nyumba zisizo zetu kabla ya kuomba idhini, yaliyomo katika aya ya 27 ya Suratun-Nur, yanamhusu yeye kama yanavyomhusu jirani. Wala hawezi kupandisha kodi katikati ya muda eti kwa kuwa kumezuka rashi kijiji cha pili na vyumba vimekuwa adimu. Muda ukiisha, bei ni maelewano; hata sheria ya nchi ya mwaka 1984 iliyokuwa ikizuia kodi kupandishwa ovyo ilifutwa mwaka 2005.

Na matengenezo? Imam Nawawi katika Minhaj amelieleza jambo hili kwa ufupi wa kupendeza. Kukabidhi ufunguo ni juu ya mwenye nyumba, na matengenezo ya nyumba ni juu yake. Asipoyafanya, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Kufagia uwanja, na hata kuondoa theluji iliyoanguka uani, ni kwa mpangaji. Theluji Shinyanga hatuna, lakini vumbi la Kiangazi linatosha kuchukua nafasi yake. Basi bati linalovuja mwezi wa Machi si la kumwambia mpangaji “weka ndoo”.

Lipo pia suala la LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kidogo kidogo katika ununuzi wa umeme. Aghalabu anayenunua umeme ni mpangaji, ilhali kodi ile ni deni la mwenye jengo. Aliyekulipia deni lako bila kukusudia kukupa sadaka anakudai. Hesabu hii ifanywe kila kodi inapolipwa, nayo iandikwe. Fedha ni ndogo, ila tumeona watu waliokula sahani moja miaka mitatu wakiacha kusalimiana kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye suala zito kuliko yote katika miji hii, nalo ni chumba kilichofungwa. Mchimbaji amesikia dhahabu imeonekana mahali. Anaondoka usiku, kufuli mlangoni, simu haipatikani. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili, wa tatu. Mwenye nyumba ana watoto wa kulisha na wateja wanaulizia chumba. Wengi huchukua nondo, wakavunja kufuli, wakatoa godoro na redio nje, na pengine wakaviuza kufidia kodi. Hili ndilo tunalolikataza kwa nguvu zote. Kodi aliyoilipa ikiwa bado haijaisha, chumba ni chake hata kama halali ndani. Ikiwa imeisha, mkataba umekwisha na mwenye nyumba ana haki ya chumba chake, lakini vyombo vilivyomo si vyake. Ni amana mikononi mwake, naye ni mdai kama wadai wengine. Haruhusiwi kujihukumia na kujiuzia mwenyewe.

Njia iliyo salama ni kumtafuta kwanza kwa jamaa zake na wachimbaji wenzake, kisha kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Chumba kifunguliwe mbele yake na mashahidi wawili, kila kitu kiorodheshwe, karatasi isainiwe, vyombo viwekwe pakavu. Ni vyema zaidi jambo hili litajwe tangu siku ya kwanza ndani ya mkataba: jina la ndugu wa kutafutwa, na muda wa kungoja. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika madeni, nasi bado tunapangishana kwa mdomo.

Hali huwa ngumu zaidi anapoondoka mume akabaki mke na watoto. Deni ni la aliyefunga mkataba. Mwanamke huyu hadaiwi kodi ya mumewe, seuze kutakiwa ailipe kwa njia ambayo kalamu yetu inaona haya kuiandika, na ambayo tunajua inatendeka. Akitaka kubaki, na wafunge naye mkataba mpya kwa kiasi anachokiweza. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo imeamrisha kumpa muhula mwenye dhiki, na imeona kumsamehe ni bora zaidi. Mjane mwenye nyumba naye anaweza kuwa na dhiki, na hapo hatumlazimishi kusamehe. Hapo ndipo mfuko wa zaka wa msikiti unapotakiwa kuonekana, kwa kuwa mwenye deni ni miongoni mwa wanaostahiki.

Liko jambo moja ambalo mwenye nyumba asilionee huruma hata kidogo. Baadhi ya wapangaji huchomea dhahabu yenye zebaki chumbani au uani. Mvuke wake hauonekani, hukaa katika kuta na mapaa, na hudhuru ubongo na figo, hasa kwa watoto na wajawazito. Ndiyo sababu mataifa yaliafikiana Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na Tanzania imo. Kodi haimpi mtu haki ya kuwadhuru majirani. Mchomaji aonywe mara moja, akirudia atakiwe kuondoka kwa kupitia viongozi. Mgogoro ukifika Baraza la Kata, wasomaji wafahamu kuwa tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo husuluhisha tu. Hukumu hutafutwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tumalizie na suala la msomaji wa Masumbwe. Mwenye nyumba amefariki akiwa amepokea kodi ya mwaka, na wanawe wanataka vyumba. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ijara haivunjiki kwa kifo. Warithi wamerithi nyumba ikiwa na mpangaji ndani yake mpaka muda wake uishe. Madhehebu ya Hanafi yanasema huvunjika, lakini hapo kodi ya miezi iliyobaki hurudishwa. Muda ukiisha kabla ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi, na kila mtoto anakuja kudai kodi kwa zamu yake, mpangaji asimpe mmoja akawaacha wengine. Aiweke, aandike tarehe na kiasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na aitoe kwa msimamizi atakapoonyeshwa barua ya mahakama.