Sura, Nafsi na Kujipiga Picha: Mfano wa Samuel Fosso

Panapozungumziwa picha ya mtu, Kiswahili hutenga sura na nafsi. Sura ni umbo la nje linaloonwa na wengine. Nafsi ni undani unaosadikiwa kuwa ndio mtu mwenyewe. Aghalabu hudaiwa kwamba picha nzuri ya sura huifichua nafsi. Kazi za mpigapicha Samuel Fosso zinalitia dai hilo mashakani.

Fosso alizaliwa Kumba, Kameruni, mwaka 1962, akiwa amepooza. Kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa desturi mtoto mchanga apigwe picha, lakini baba yake hakuona haja ya kuigharimia picha ya mtoto wa hali ile. Alilelewa Nigeria kwa babu na bibi yake, akapitia vita vya Biafra (1967–1970), hatimaye akahamia Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko, mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13 tu, alifungua studio. Mchana aliwapiga picha wateja. Kazi ilipokwisha, na filamu ikabakiza nafasi chache, alijipiga mwenyewe, akiwa na viatu vya soli nene na mavazi ya mtindo wa wakati ule. Baadhi ya picha hizo alimpelekea bibi yake Nigeria, ili ajue kwamba mjukuu yu hai.

Hapa mofimu -ji- inastahili kuangaliwa. Anayepigwa picha ni mtendwa: mwingine ndiye huamua asimame vipi, hata kama anastahili kupigwa au la. Anayejipiga ni mtenda na mtendwa kwa pamoja. Kwa mtu aliyenyimwa picha utotoni, hilo si jambo la sarufi peke yake.

Hata hivyo, mwaka 2008, katika mfululizo uitwao African Spirits, Fosso alijipiga akiwa Patrice Lumumba, Kwame Nkrumah, Angela Davis, Malcolm X na wengineo. Kuzisoma picha hizi kama heshima kwa mashujaa ni sahihi, ila hakutoshi. Nyingi zinafuata picha mashuhuri za watu hao, yaani sura ambazo tayari zilikwisha kutengenezwa mbele ya kamera. Mtazamaji humtambua Lumumba kwanza. Fosso humwona baadaye, katika uso uleule. Ni vigumu basi kusema -ji- inamrejelea nani kati yao.