Shusha Waya: Foni ya Mawimbi Mafupi kati ya Masisi na Walikale

Sake ni mji mdogo wa wilaya ya Masisi, pale barabara ya kutoka Goma inapogawanyika: tawi moja hupanda milimani kwenda Masisi-centre, jingine hufuata Ziwa Kivu kuelekea Minova. Wengi wameujua mji huo kupitia habari za vita. Wachunguzi wa radi wanaujua kwa sababu nyingine. Mwaka 2016 ilichapishwa orodha ya maeneo yenye radi nyingi kupita yote duniani, iliyotokana na miaka 16 ya vipimo vya setilaiti ya TRMM, na eneo la Sake likashika nafasi ya tano: mimweko 143 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ya kwanza ilikuwa Ziwa Maracaibo la Venezuela, ya pili Kabare, Kivu Kusini. Butembo nayo haikuwa mbali, ya tisa.

Kila mmweko ni mtambo wa redio unaorusha mawimbi bila kibali cha mtu, kwa nguvu ambayo hakuna fundi atakayeifikia, na kadiri unavyoshuka kwenye masafa ya chini ndivyo kelele zake zinavyozidi. Anayewasha redio ya mawimbi mafupi Masisi saa kumi jioni, mawingu yakiwa yamejikusanya, husikia mikwaruzo mfululizo. Kama ni mgeni wa kazi hii atadhani redio imeharibika, ataifungua, na pengine ataiharibu kweli.

Basi kwa nini ahangaike na mawimbi mafupi? Kwa sababu ya vilima na msitu. Redio za mkononi za VHF, zile ambazo Kivu huziita motorola hata zikiwa zimetengenezwa China, zinakwenda kwa mstari ulionyooka kama mwanga. Hesabu yake ni rahisi: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, nawe umepata kilomita hadi upeo wa redio. Mtu aliyesimama uwanjani, antena ikiwa mita 1.5 kutoka ardhini, anaona kilomita 5. Akipanda kilima kinachopita uwanda ule kwa mita 100, anaona 41. Hesabu hiyo inadai ardhi tambarare, na Masisi haina tambarare ya kutajwa. Vilima vyake vya malisho vinapita mita 2,000 na kila bonde limejificha nyuma ya jingine. Ukiteremka magharibi, baada ya Nyabiondo, vilima vinaanza kukabidhi nafasi kwa msitu mzito wa bonde la mto Lowa, na majani yenye maji hunyonya VHF kwa uroho. Ripita, mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha upya, ikiwa kwenye kilele husaidia sana, ila inahitaji betri, sola na mlinzi anayelala huko juu, na katika nchi ya vita kilele kizuri kwa ripita huwa pia kizuri kwa bunduki.

Ndiyo maana kabla ya mitandao ya simu za mkononi, na Vodacom Congo ilianza mwaka 2002 tu, nchi ilikuwa ikiongea kwa foni, yaani redio hizo za mawimbi mafupi: misheni, wafanyabiashara wa madini, vituo vya afya, hata raia waliolipia dakika chache kumpasha ndugu wa mbali habari ya msiba au ya pesa. Simu haikumaliza haja hiyo. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, waasi walivamia vijiji vilivyo kando ya barabara ya Kibua hadi Mpofi, Walikale, Luvungi kikiwamo. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa katika vijiji 13. Kikosi chake cha kulinda amani kilikuwa na kambi Kibua, kwenye barabara hiyohiyo. Vijijini hapakuwa na mtandao wa simu, na habari ilichukua siku kadhaa kutoka.

Sasa tuingie kwenye fizikia, maana hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Fundi kijana akipata redio ya mawimbi mafupi ya wati 100, jambo la kwanza analofikiria ni mlingoti mrefu. Anasimamisha bomba la mita 12 na juu yake antena ya wima, anaita Walikale, kimya. Mara anamsikia mtu wa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500, akiongea kama yuko chumba cha pili. Anachanganyikiwa: wa mbali namsikia, wa jirani simsikii!

Antena ya wima hurusha mawimbi pembeni, karibu na upeo wa macho. Yanaondoka kwa mteremko mdogo, yanagonga ionosfia, yaani hewa ya juu inayorudisha mawimbi, mbali sana, yanarudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalipotoka. Wimbi linalotambaa ardhini nalo hufa kwenye kilima cha pili au cha tatu. Katikati hubaki duara la ukimya, na Walikale imo ndani ya duara hilo. Kutoka Goma hadi Masisi-centre ni kama kilomita 55 kwa mstari wa ramani, hadi Walikale-centre kama 130. Kwa VHF ni mbali mno, kwa antena ya wima ni karibu mno.

Dawa ni kurusha mawimbi juu, wima kabisa, kama vile unataka kuongea na malaika. Tabaka la F la ionosfia liko kilomita 250 hadi 400 juu yetu. Tukilikadiria kuwa 300, wimbi la kutoka Goma kwenda Walikale linapaa kwa pembe ya nyuzi 78, linarudishwa, na kushuka tena: zaidi ya kilomita 600 za safari ili kuvuka 130, kwa muda wa milisekunde 2 hivi. Kilima hakina la kusema, kwa sababu wimbi limekipita kwa juu. Msitu nao unapenywa kutoka juu, kwenye mita chache za majani badala ya kilomita nzima za vigogo.

Na antena ya kurusha juu ni ya bei rahisi kuliko zote: waya mmoja uliokatwa katikati, umelazwa mlalo, na uko chini. Kwa 7.1 megahezi, gawanya 143 kwa 7.1, unapata mita 20 na kidogo, yaani mkono wa mita 10 kila upande. Mita 5 hadi 10 kutoka ardhini zinatosha. Mikaratusi miwili ya Masisi inafanya kazi hiyo bila kudai mshahara; Walikale utatumia mianzi. Vipande vya jerikani vinakuwa vizuizi vya umeme kwenye ncha. Nakushauri tu usishuke mpaka mkono wa mtoto au pembe za ng'ombe zifikie waya, kwa sababu kwenye ncha volti hupanda sana wakati wa kurusha na huunguza ngozi. Kata waya ukiwa mrefu kidogo kuliko hesabu, kwa sababu ukaribu wa ardhi hubadilisha mambo. Mita ya SWR, ile inayopima mawimbi yanayorudishwa na antena, ikionyesha kwamba antena inapenda masafa ya chini kuliko yale unayotaka, punguza sentimita chache kila upande. Ikipenda ya juu, umeshakata kupita kiasi, unganisha.

Masafa nayo hayachaguliwi kwa mapenzi. Yakiwa juu mno, ionosfia inayapitisha yaende angani yasirudi. Yakiwa chini mno, tabaka la D, ambalo huwapo mchana tu, linayameza, na kelele za radi zinamalizia yaliyobaki. Mchana 7 megahezi hufanya vizuri. Usiku wa manane kuelekea alfajiri ionosfia inapokonda, unashuka hadi 5 au hata 3.5. Kivu ina bahati yake hapa. Ikweta ya sumaku barani Afrika haifuati ile ya ramani. Inapita kaskazini, kwenye nyuzi kama 10. Elektroni nyingi huinuliwa juu ya ikweta hiyo na kumwagikia pande zake mbili, na Kivu Kaskazini inaangukia upande wa ukanda wa kusini. Alasiri hewa yetu ya juu huwa nene kweli. Gharama yake huja baada ya magharibi, tabaka hilo linapovurugika na sauti ya mwenzako ikaanza kutetemeka hadi uikose. Asubuhi ndiyo saa ya dhahabu: jua limeshajenga ionosfia, mawingu ya radi bado hayajasimama. Jua lenyewe lina mzunguko wa miaka 11, na Oktoba 2024 wataalamu walitangaza kwamba limefika kipindi cha kilele. Anayefurahia masafa yake ya usiku leo ajue kwamba miaka michache ijayo huenda akahitaji kushuka.

Tuje kwenye hitilafu. Redio yenyewe ndiyo mshukiwa wa mwisho. Anza na umeme. Redio ya wati 100 inavuta ampea 20 hivi ukiinua sauti. Ukiwa umeiunganisha na betri kwa waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba, mita 5 kwenda na 5 kurudi, zaidi ya volti 2 zinapotelea njiani. Betri ina 12.6, redio inapata 10 na kitu. Dalili yake ni kioo kufifia kila unapoongea, sauti kukatika kwenye neno lenye nguvu, au redio kujizima. Weka waya wa milimita 6 za mraba na ufupishe njia.

Halafu kebo ya antena. Mvua ya Walikale huingia kwenye plagi isiyofungwa vizuri na kutambaa ndani ya kebo kwa mita nyingi, ikiozesha shaba njiani. Hapa mita ya SWR hudanganya kwa adabu kubwa. Kebo iliyolowa ikila nusu ya nguvu wakati wa kwenda na nusu ya iliyobaki wakati wa kurudi, basi hata antena ikiwa imekatika kabisa huko juu, mita itaonyesha 3 hivi badala ya kupanda hadi mwisho. Ikiwa antena ina kasoro ndogo, mita itakupa 1.4 na kukutakia siku njema. Kwa hiyo SWR iliyokuwa 2 mwaka jana na leo imejirekebisha yenyewe hadi 1.2 bila mtu kugusa waya inanitia wasiwasi kuliko furaha. Funga plagi kwa utepe wa mpira, acha kebo ininginie kidogo chini kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondoke, na solda upya kila kiungio chenye kutu ya kijani. Bati lililo ndani ya solda hiyo hutokana na kasiteriti, ambayo mlima wa Bisie, Walikale, umeitoa kwa matani. Tantalamu ya kapasita ndogo ndani ya redio hutengenezwa kutokana na koltani, na Rubaya iko Masisi hapohapo. Madini yamekwenda ng'ambo, yamerudi yakiwa na bei nyingine.

Kelele za mfululizo zisizofanana na radi, mvumo au mlio unaopanda na kushuka mchana tu, mara nyingi hutoka kwenye kidhibiti cha sola au taa za LED za bei rahisi. Zima kila kitu, bakiza redio kwenye betri. Kelele ikiisha, washa kimoja kimoja.

Kuna hitilafu moja inayowaaibisha hata mafundi wazoefu. Redio inapokea kwa nguvu, lakini sauti ni ya bata, hakuna neno linaloshikika. Chini ya 10 megahezi wapenda redio duniani hutumia ukanda wa chini wa sauti, LSB. Mitandao ya mashirika na ya kazi hutumia ukanda wa juu, USB. Bonyeza kitufe kimoja tu, bata anakuwa mtu.

Radi ya Sake tusiicheze. Waya wa chini huvutia radi kidogo kuliko mlingoti wa kileleni, lakini usalama hasa ni kuchomoa kebo na kuitoa nje ya nyumba kabla mawingu hayajafika. Kwenye mawe ya lava nguzo ya kupeleka umeme ardhini haizami. Tandaza waya kadhaa za shaba juu ya ardhi kila upande. Udongo wenye maji wa Walikale unapokea nguzo bila ubishi.

Kibali hakikwepeki. Sheria ya mawasiliano nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inataka idhini, na msimamizi wa masafa ni ARPTC. Alama za wito za wapenda redio wa Kongo huanza na 9Q. Katika wilaya ambazo makundi yenye silaha yanapishana, mtu mwenye waya juu ya paa na redio isiyo na karatasi anaweza kuitwa mpelelezi kabla hajapewa nafasi ya kueleza ionosfia ni nini. Kusikiliza kwanza kwa muda mrefu ni adabu, na pia ni kinga: masafa yanayoonekana matupu yanaweza kuwa ya hospitali inayosubiri zamu yake.

Mwisho, saa. Kongo ina saa mbili: Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, Goma, Masisi na Walikale ziko saa mbili mbele. Daftari la redio liandikwe kwa UTC: 07:00 ni saa mbili asubuhi Kinshasa na saa tatu asubuhi Nyabiondo. Mkiwa mmeahidiana na mtu wa Kinshasa saa mbili kamili, ukaita kwa saa ya Masisi na hewa ikanyamaza, usipande mkaratusi kukagua waya. Kwake ni saa moja, pengine ndiyo kwanza anaoga.